Tathmini: DLPack kwa wanaochakata data za Ziwa Victoria

Kinachopimwa hapa hakiuzwi dukani na hakina boksi. DLPack ni makubaliano yaliyoandikwa ndani ya faili moja la lugha ya C, `dlpack.h`, yanayoeleza jinsi maktaba mbili za programu zinavyoweza kutumia safu moja ya namba iliyomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta bila kuinakili. Yapo tangu 2017, leseni yake ni Apache 2.0, hayana malipo, na kama mashine yako ina NumPy au PyTorch (maktaba za Python, ya kwanza ya hesabu za safu, ya pili ya kuendesha modeli) ya miaka ya karibuni, basi tayari unayo. Kwa fundi wa data wa Mwanza anayepakua kila kitu kwa bando la simu, hilo la mwisho si jambo dogo.

Hukumu tunaitoa mapema. Kwa picha za satelaiti, gridi za mvua, joto la maji na kitu chochote chenye mistari na nguzo za namba pekee, DLPack tunaipa nne na nusu kati ya tano. Kwa majedwali ya mavuno ya samaki tunaipa moja na nusu, na hapo kosa si lake: watu wanaipeleka kwenye kazi ambayo haikuumbwa kuifanya.

Kinachokabidhiwa

Maktaba inayotoa safu haitumi namba zenyewe. Inakabidhi maelezo ya vitu saba: anwani ya mahali data ilipo, kifaa ilichokaa, idadi ya vipimo, aina ya namba, umbo, miruko (umbali wa kumbukumbu kati ya namba na namba, au mstari na mstari), na baiti za kuruka kabla ya kuifikia namba ya kwanza. Ni biashara ya gunia la dagaa lililoko stoo pale Mwaloni, Kirumba: linauzwa na kuuzwa tena kwa karatasi, na mchukuzi bado hajaligusa.

Aina ya namba huandikwa kwa namba tatu. Ya kwanza ni kundi: 0 ni namba kamili zenye alama, 1 ni namba kamili zisizo na alama, 2 ni namba za desimali, 4 ni bfloat (desimali fupi za modeli), 5 ni namba changamano, 6 ni kweli-au-si-kweli. Ya pili ni idadi ya biti, ya tatu kwa kawaida ni 1. Hivyo float32 ni 2, 32, 1, na uint16 ya picha za satelaiti ni 1, 16, 1. Kifaa nacho kina namba yake: 1 ni prosesa ya kawaida, 2 ni kadi ya NVIDIA kupitia CUDA, 10 ni ROCm ya kadi za AMD.

Hiyo namba ya kifaa ndiyo iliyokosekana kwenye viwango vya zamani. Itifaki ya bafa ya Python, iliyopendekezwa mwaka 2006 kwenye waraka wa PEP 3118, pamoja na `__array_interface__` ya NumPy, zote zinajua kumbukumbu kuu tu. Ukizipa anwani iliyo ndani ya kadi ya GPU hazina namna ya kulijua hilo, na programu ikijaribu kuisoma inaanguka papo hapo. Watengenezaji wa maktaba ya Numba walijaza pengo kwa `__cuda_array_interface__`, lakini hiyo ni ya CUDA peke yake. DLPack ilikuja na jibu moja kwa vifaa vyote, na ndiyo sababu kamati ya viwango vya safu za Python iliichukua kama njia ya kubadilishana data kwenye toleo lake la kwanza, 2021.12.

Sehemu tunayoipenda kuliko zote, ambayo watumiaji wengi hawaioni kabisa, ni kifutaji. Pamoja na yale maelezo saba, mtoaji hukabidhi anwani ya kazi ndogo ambayo mpokeaji ataiita akishamaliza. Mpokeaji hafuti kumbukumbu mwenyewe. Anamwambia mwenye mali kwamba amemaliza, basi. Viwango vingi vya kubadilishana data huandika vizuri mahali data ilipo, halafu vinanyamaza kuhusu nani ataifuta. Matokeo yake ni moja ya mawili: kumbukumbu inavuja hadi mashine inaganda, au kitu kimoja kinafutwa mara mbili na programu inakufa bila ujumbe wa maana. Hapa jambo hilo limefungwa. Kwenye Python maelezo yamo ndani ya kapsuli inayoitwa `dltensor`. Mpokeaji akiichukua, anaibadilisha jina kuwa `used_dltensor`, na baada ya hapo hakuna mwingine anayeweza kuichukua tena. Isipochukuliwa na yeyote, kapsuli yenyewe inapokufa humwita kifutaji.

Kwenye picha ya Ghuba ya Mwanza

Kazi inayofaa kuipimia ni ya kutafuta magugu maji kwenye picha za satelaiti za Sentinel-2. Kipande kimoja cha picha kina pikseli 10,980 kwa 10,980 kwenye mikanda (tabaka za rangi za mwanga) ya mita 10. Hizo ni pikseli 120,560,400, na kwa uint16 mkanda mmoja unakula megabaiti 241. Ukigeuza kuwa float32 unafika megabaiti 482. Mikanda miwili inayohitajika kupima ukijani, B04 na B08, ni karibu gigabaiti moja ikiwa katika float32. Sasa fikiria njia ya kawaida: rasterio, maktaba ya kusoma picha za ramani, inasoma na kutoa safu ya NumPy, PyTorch inaendesha modeli, matokeo yanarudi NumPy ili yaandikwe kwenye faili. Kila mpaka ukivukwa kwa kunakili, laptopu ya gigabaiti 8 yenye kivinjari kilichofunguliwa inaanza kutumia diski kama kumbukumbu, na hapo hata chai inapoa.

Kwa DLPack mpaka unavukwa hivi:

`nir = b08.astype(np.float32)`
`t = torch.from_dlpack(nir)`

Mstari wa pili hauongezi baiti hata moja ya data. Kuhakikisha, linganisha anwani: `nir.ctypes.data == t.data_ptr()` inapaswa kujibu kweli. Ikijibu si kweli, kuna nakala imetengenezwa mahali.

Faida hiyo ina upande wake wa pili. Ukiandika `t.sub_(1000).div_(10000)` ili kupata uakisi halisi (sehemu ya mwanga inayorudishwa), umebadilisha na `nir` pia, kwa sababu ni namba zilezile. Aliyetarajia kubaki na thamani za asili upande wa NumPy hatazikuta. Wala hakuna kufuli: nyuzi mbili za programu zikiandika kwenye safu hiyo kwa wakati mmoja, DLPack haizuii wala haionyi. Kwa JAX, maktaba nyingine ya safu, hali ni ngumu zaidi, maana safu zake zimekusudiwa zisibadilike kamwe. Ukiigawia NumPy au PyTorch kisha ukaandika juu yake, unavunja ahadi ambayo JAX inaitegemea ndani kwa ndani.

Ile 1000 tuliyotoa pia inaonyesha mpaka wa bidhaa hii. Picha za Sentinel-2 zilizochakatwa kwa utaratibu ulioanza tarehe 25 Januari 2022 zimeongezewa 1000 kwenye kila thamani, na kipimo chake ni 10,000. DLPack haibebi habari hiyo. Haibebi jina la mkanda, wala latitudo, wala tarehe, wala mfumo wa ramani. Inabeba namba tu. Maana ya namba ubebe mwenyewe kwa njia nyingine, na ukisahau, uakisi wako utazidi kwa 0.1 kila mahali bila kosa lolote kutokea kwenye skrini.

Na ole wake atakayefanya hesabu kabla ya kugeuza aina. Juu ya maji, B08 mara nyingi ni ndogo kuliko B04. Kwenye uint16, 1150 toa 1300 haitoi hasi 150, inatoa 65,386. Ziwa zima litaonekana limejaa magugu. Hilo si kosa la DLPack, ila itakufikishia kosa hilo kwa uaminifu kabisa hadi mwisho wa safari. PyTorch nayo ilianza kuikubali uint16, tena kwa kiasi, kwenye toleo la 2.3 la mwaka 2024. Matoleo ya nyuma yanagoma kabisa, kwa hiyo geuza aina upande wa NumPy kabla ya kuvuka.

Kuna la kukata picha. Ukitaka ghuba peke yake, `kipande = b08[2000:6000, 1000:5000]` ni kilomita 40 kwa 40, megabaiti 32. DLPack inakipokea hivyohivyo, ingawa mistari yake haijafuatana kwenye kumbukumbu, kwa sababu miruko inaeleza umbali kati ya mstari na mstari. Lakini kipande hicho ni dirisha tu juu ya picha nzima. Maadamu upande wa pili bado unakishikilia, megabaiti zote 241 zinabaki hai. Kwenye mzunguko wa picha ishirini, kumbukumbu inajaa kwa vitu ambavyo mwenye programu anadhani alishavitupa. Hapo nakala ni dawa: `b08[2000:6000, 1000:5000].copy()`, kisha ndipo uvuke. Bora zaidi, mwambie rasterio asome dirisha hilo tu kutoka kwenye faili. Anayekata kabla ya kusoma anaokoa kumbukumbu nyingi kuliko kiwango chochote cha kubadilishana data kitakavyomwokolea.

Inapogoma

DLPack inagoma mara nyingi kuliko watu wanavyotarajia, na karibu kila mgomo una sababu ya haki. Kosa hutokea kwa jina `BufferError`, au ujumbe wa maktaba husika.

Mgomo wa kwanza ni wa safu za kusoma tu. Muundo wa awali haukuwa na mahali pa kusema kwamba safu hii haiandikwi, hivyo NumPy ilikataa kuitoa. Kwa sababu hiyohiyo, kila ilichopokea kwa njia ya zamani ilikifanya kuwa cha kusoma tu, kwa tahadhari. Toleo la 1 la DLPack liliongeza namba za toleo na sehemu ya bendera: bendera moja inasema safu ni ya kusoma tu, nyingine inasema hii tayari ni nakala. NumPy inaelewa hayo kuanzia 2.1. Ila upande wa pili nao lazima uelewe, na tenzori (safu) za PyTorch hazina dhana ya kusoma tu. Hili hukumba hasa wanaofungua faili kubwa kwa `np.memmap` yenye `mode='r'`. Tumia `mode='c'`: safu inakuwa ya kuandikika kwenye kumbukumbu, lakini faili la diski haliguswi. Pandas yenye utaratibu wa kunakili unapoandika pia hutoa safu za kusoma tu kwenye `to_numpy()`. Hapo nakili kwanza.

Mgomo wa pili ni mpangilio wa baiti. Faili za gridi za NetCDF za mtindo wa zamani huhifadhi namba baiti kubwa ikitangulia, wakati prosesa zetu karibu zote hutanguliza ndogo. Ukizisoma kwa `scipy.io.netcdf_file` unapata aina `>f4`, na NumPy inakataa kuzitoa kwa sababu DLPack haina sehemu ya kutaja mpangilio wa baiti. Suluhisho ni `a.astype(a.dtype.newbyteorder('='))`, na hiyo ni nakala isiyoepukika. Kwa maoni yetu huu ni uamuzi sahihi wa waliobuni: wangeruhusu mipangilio miwili, kila maktaba ingelazimika kuandika msimbo wa kuigeuza, na nusu yao wasingeuandika.

Miruko hasi nayo inasumbua wanaochora ramani. Gridi nyingi huanza kuhesabu kutoka kusini, picha inatoka imepinduka, na mtu anaandika `a[::-1]`. NumPy haisogezi data yoyote hapo; inaweka tu mruko hasi. DLPack inaweza kuubeba, ila PyTorch haina miruko hasi. `np.ascontiguousarray(a[::-1])` inamaliza kesi. Angalia pia kwamba NumPy huhesabu miruko kwa baiti, DLPack huhesabu kwa idadi ya namba. Mruko wa baiti 43,920 kwenye float32 ni 10,980 kwenye DLPack. Kwa mtumiaji wa kawaida hakuna tofauti. Kwa safu zenye muundo mchanganyiko, ambapo kwa mfano kila rekodi ina baiti 9 na ndani yake kuna float32, 9 haigawanyiki kwa 4 na safu haitoki.

Tarehe za `datetime64`, maandishi na rekodi zenye sehemu nyingi haziruhusiwi. Tarehe zipeleke kama `view('int64')`. Tenzori inayofuatilia gradienti itolewe kwanza kwa `.detach()`. bfloat16 haipo kwenye NumPy, kwa hiyo `.float()` kabla ya kurudi.

Lililo baya kuliko yote haligomi. Maktaba ya netCDF4 kwa kawaida hutoa safu zenye kinyago, yaani safu ya pili inayoonyesha pikseli zipi hazina data: mawingu, nchi kavu, kihisi kilichokosa. Kinyago hakisafiri na DLPack. Namba za kujazia, ambazo kwa float ya NetCDF ni takriban 9.97 mara kumi kwa kipeo cha 36, zinavuka kama data halali. Wastani wa joto la ziwa unatoka mkubwa kuliko wa jua, na huyo ni mwenye bahati, maana ameliona kosa. Mwenye namba ya kujazia -999 pikseli chache anapata wastani ulioshuka kidogo na kuupeleka kwenye ripoti. Andika `a.filled(np.nan)` kabla ya kuvuka, kila mara. Tungependa NumPy yenyewe ikatae hapa kama inavyokataa kwingine. Hii ndiyo nusu alama tuliyoikata.

Kwenye GPU

Ofisi nyingi za hapa hazina kadi ya GPU. Watu hukodi mashine ya mbali au hutumia Google Colab. Huko ndiko DLPack inakolipa hasa. Safu ikiwa tayari kwenye kadi, `cp.from_dlpack(t)` inaipeleka CuPy (maktaba ya safu za GPU) na `torch.from_dlpack(c)` inairudisha PyTorch bila data kupita kwenye kumbukumbu kuu. Kuwa mkweli kuhusu kiasi cha faida, lakini: njia ya PCIe 3.0 yenye mistari 16, inayounganisha kadi na kompyuta, hubeba karibu gigabaiti 16 kwa sekunde kinadharia, hivyo mkanda wetu wa megabaiti 482 unavuka kwa sekunde 0.03 au mara mbili ya hapo. Mara moja si kitu. Ndani ya mzunguko unaorudiwa maelfu ya mara, ni kila kitu.

Jambo la kuelewa huko ni mikondo, yaani foleni za kazi. Kazi za GPU hupangwa foleni, na safu inaweza kukabidhiwa kabla hesabu yake haijaisha. DLPack inamtaka mpokeaji ataje mkondo wake, na mtoaji ahakikishe data itakuwa tayari kabla mkondo huo haujaisoma. Kwa CUDA, 1 ni mkondo wa kawaida wa zamani, 2 ni mkondo wa kawaida wa kila uzi, na -1 ni kusema usisubiri. Sifuri imepigwa marufuku kwa CUDA kwa kuwa ingeweza kumaanisha lolote kati ya hayo mawili ya mwanzo. Maktaba hushughulikia haya zenyewe unapotumia `from_dlpack`. Anayeita `__dlpack__(stream=-1)` kwa mkono ili apate kasi atapata pia majibu yanayobadilika kutoka jaribio moja hadi lingine.

Kurudi NumPy, `.cpu()` ya PyTorch kwanza bado ndiyo njia isiyo na maneno. NumPy 2.1 imeongeza `device` na `copy` kwenye `np.from_dlpack`, lakini zinategemea upande unaotoa uzielewe.

Majedwali ya samaki yapelekwe Arrow

Takwimu za uvuvi zinazokusanywa kwenye mialo ya Tanzania, Kenya na Uganda zina sura nyingine kabisa: tarehe, jina la mwalo, aina ya chombo, aina ya samaki, kilo, bei. Maandishi yamechanganyika na namba, na nafasi tupu ni za kawaida kwa sababu siku nyingine mkusanyaji hakupata bei. DLPack haina maandishi na haina nafasi tupu. Kuigeuza jina la samaki kuwa namba ili tu ipite, halafu kuandika upande wa pili kwamba 1 ni sato na 2 ni sangara, ni kujitafutia kazi.

Apache Arrow, mfumo wa kuweka majedwali kwenye kumbukumbu, ina kiwango chake cha C cha kubadilishana data, na kwa kazi hii ndicho sahihi. Kila nguzo inaweza kuwa na ramani ya biti inayoonyesha wapi pana thamani na wapi hapana; kwa mistari milioni moja ramani hiyo ni baiti 125,000 tu. Sato, sangara na dagaa huandikwa mara moja kwenye kamusi ya nguzo, kisha kila mstari unataja namba ya kamusi, na kamusi yenyewe inasafiri pamoja na data. Polars, DuckDB, pandas na pyarrow wote wanaielewa. Arrow nayo ina kifutaji chake, kinachoitwa `release`, kwa mantiki ileile.

Viwango hivi viwili hukutana mahali pamoja. Nguzo ya Arrow yenye namba pekee na isiyo na nafasi tupu inaweza kutolewa na pyarrow kwa DLPack, au kwa `to_numpy()` ambayo kwa kawaida hukataa kunakili. Ikiwa na nafasi tupu hata moja inagoma, na safari hii tunaushukuru mgomo. Mpangilio unaofaa ni kusafisha kwenye Arrow, kuchagua nguzo za kilo na bei, kujaza au kuondoa zilizokosekana, kisha kuzivusha kwa modeli.

Kwa anayetengeneza maktaba yake

Kama una msimbo wa C++ unaosoma, tuseme, mwangwi wa kifaa cha kupimia samaki chini ya maji, na unataka NumPy na PyTorch zote ziusome, usiandike moduli mbili. Toa `__dlpack__` na `__dlpack_device__`. Njia fupi ni nanobind, zana ya kuunganisha C++ na Python, ambayo `nb::ndarray` yake imejengwa juu ya DLPack. Anayeandika kwa mkono azingatie haya.

Umbo na miruko ni vielekezi vya safu ndogo za int64. Ukizitangaza kama vigeu vya ndani ya kazi, zinakufa kazi inaporudi na mpokeaji anasoma takataka. Hili ndilo kosa la kwanza la karibu kila mwanafunzi wa jambo hili, na ubaya wake ni kwamba mara nyingine linafanya kazi. Zitenge pamoja na muundo mkuu na uzifute ndani ya kifutaji.

Miruko iandike wazi hata kama data imefuatana. Baadhi ya wapokeaji hawafurahii kielekezi kitupu. Kifutaji kinaweza kuitwa kutoka uzi wowote, kwa hiyo kama kinagusa kitu cha Python lazima kichukue kufuli la Python kwanza. Kapsuli ya toleo jipya huitwa `dltensor_versioned`. Itoe pale tu mpokeaji anapotaja `max_version` ya 1 au zaidi, vinginevyo toa ile ya zamani. Namba kuu ya toleo ikiwa ngeni kwa mpokeaji, haruhusiwi kusoma safu, ila anaweza kumwita kifutaji. Ndiyo maana kwenye muundo mpya namba za toleo na kifutaji zimetangulia na safu yenyewe imewekwa mwisho. Ni ubunifu mdogo wenye akili nyingi, na ungekuwepo tangu 2017 ungeokoa miaka ya kuishi na kapsuli za aina mbili.

Waraka wa DLPack unataka pia anwani ya data ilingane na baiti 256. Maoni yaliyo ndani ya `dlpack.h` yenyewe yanakiri kwamba maktaba kadhaa, CuPy na PyTorch zikiwemo, hazifuati. Usiitegemee.

Kusakinisha

Unahitaji NumPy 2.1 kwenda juu na PyTorch 2.3 kwenda juu. Kwa mashine isiyo na kadi ya NVIDIA, chukua PyTorch ya prosesa tu:

`pip install torch --index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu`

Ukiiacha pip ichague yenyewe kwenye Linux, inashusha na maktaba za CUDA, gigabaiti kadhaa ambazo mashine yako haitazitumia hata siku moja. Ile ya prosesa ni mamia ya megabaiti. Na kama kazi yako yote inaishia NumPy, SciPy na rasterio, huna haja ya kuhangaika na DLPack kwa sasa: itifaki ya bafa inakufanyia hivyohivyo kimyakimya, na `torch.from_numpy` ya siku zote nayo haikuwahi kunakili.